Moyo Umepona, Miguu Bado

Wodi ya Wanawake, Kampala
14 Januari 1965

Mwanangu Josphat,

Nakusalimu wewe na hiyo Nairobi yako yote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Bado unavaa ile sweta? Ukiuliza habari yangu, mimi ni mzima kabisa, ila moyo tu.

Tulifika salama. Gari moshi lilijaa tangu Malaba, lakini mke wako Phoebe aliwatangazia watu wote kwamba mimi ni mgonjwa wa moyo, wakaniachia benchi nzima kama mtu mwenye ndui. Alinifikisha wodini, akarudi Adungosi kuangalia nyumba.

Sasa habari yenyewe. Daktari anasema moyo una milango, na mlango wangu mmoja umekakamaa kwa sababu ya ile homa ya viungo niliyougua nikiwa msichana. Haufunguki sawasawa. Damu inasukumana pale kama waumini wanaotoka kanisani siku ya Pasaka na mlango umefunguliwa upande mmoja. Ndiyo maana nilikuwa nahema kama mbwa nikipanda kutoka kisimani. Anataka kunipasua hapa ubavuni, aingize kidole chake mpaka ndani ya moyo, ausukume ule mlango ufunguke. Nilikitazama hicho kidole. Ni kinene, lakini ni kisafi.

Nikamwambia, "Basi ingiza leo, daktari. Nina shamba la kulima."

Akakataa! Akasema, "Mama, moyo naweza kuutengeneza. Mimi naogopa hayo mengine." Akanikalisha kitini, akaniambia nisimame bila kushika kitu. Josphat, mimi niliyekubeba wewe mgongoni na kuni kichwani, nilishindwa. Nilijaribu tena, nikaketi tena. Halafu akanipa mkono wake, akasema nimbane kwa nguvu zangu zote. Nikambana. Nikambana mpaka meno yakauma. Akangoja kidogo, akaniuliza kwa upole, "Umeanza?"

Anasema nimekonda mno, nyama ya mapaja imekwisha, na mtu wa namna hiyo anaweza kupasuliwa vizuri kabisa halafu ashindwe kuinuka kitandani. Si miaka, anasema, ni unyonge wa mwili. Kwa hiyo kwanza nilishwe mayai, maharagwe, samaki na maziwa, na nitembee verandani kila siku. Nimekula mayai mpaka naona haya kumtazama kuku.

Kitanda cha pili yuko mama mmoja wa Budalang'i, jina lake Akumu, muuza samaki. Alizaliwa wakati reli inafika Kisumu, kwa hiyo amenizidi miaka mingi. Ugonjwa wetu ni mmoja, mlango ule ule. Lakini yeye alipoambiwa asimame alisimama, akamwuliza daktari kama angependa abebwe pamoja na kiti chake. Alipombana mkono, daktari alisema, "Inatosha, mama, inatosha, huo ndio mkono wa kukupasulia."

Sijui kama tutapatana. Anakoroma.

Mimi mama yako,
Anyait


Nairobi
25 Januari 1965

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima nikiwa na afya njema. Kifua hakijambo na sweta naivaa.

Nimesoma barua yako hapa stoo ya reli mpaka bwana mkubwa akaniuliza kama nimefiwa. Mama, kidole! Ndani ya moyo! Nilikiangalia kidole changu mwenyewe nikashindwa kula.

Lakini wao ni wataalamu, sitabisha. Jambo linalonisumbua ni hili la kukutembeza verandani. Mgonjwa wa moyo anatembezwaje? Wewe unajua kazi yangu ni kupokea vioo vya taa za stesheni. Vikifika, nani anavitembeza? Tunavilaza kwenye nyasi kavu, tunaandika juu ya sanduku, na hakuna mtu anayegusa. Kwa miaka yote hii nimevunja kimoja tu, na hicho ni Phanuel, mwenzangu wa stoo, aliyekikalia.

Tafadhali ukitembea, tembea polepole. Na ukiweza, usitembee.

Mwanao mtiifu,
Josphat


Kampala
20 Machi 1965

Mwanangu,

Pokea salamu kutoka kwa mtu aliyeshonwa. Hujambo? Mimi nipo. Nasema nipo kwa sababu kulikuwa na siku ambazo sikuwepo.

Walitupasua katika wiki moja, Akumu kwanza, mimi baada yake. Akumu, ungedhani ametolewa mwiba. Kesho yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimfundisha muuguzi wetu, Sista Adoyo, namna ya kukausha omena, wale dagaa wa ziwani. Siku chache tu, alikuwa anazunguka wodi akichungulia mabakuli ya watu kuona nani amebakiza.

Mimi moyo wangu ulikubali mara moja. Daktari alikuja, akasikiliza, akatabasamu, akasema mlango umefunguka vizuri sana. Mlango umefunguka, lakini mwenye nyumba hakuamka. Kwanza akili ilipotea. Nilimwona Sista Adoyo, nikadhani ni marehemu mama mkwe wangu, bibi yako, nikaanza kumweleza kwa nini ule ugali wa mwaka wa njaa uliungua. Sista maskini akanisamehe. Sasa nafurahi, maana marehemu mwenyewe hakuwahi.

Akili iliporudi, miguu haikuja nayo. Nikiinuliwa natetemeka. Nikishika kijiko kinacheza. Kuna msichana mmoja hapa, alipasuliwa baada yangu, amekwisha kwenda kwao. Nilimwuliza daktari, "Mbona mimi?" Akasema, "Ulikuja na akiba ndogo ya nguvu, mama, na upasuaji umeila. Sasa tunaijaza tena polepole. Kama nisingekulisha kwanza, tusingekuwa tunaongea."

Akumu aliondoka jana. Aliniaga kwa kunipiga begani, na bega linaniuma mpaka leo. Akasema, "Anyait, ukifika kwako usikubali kulala. Kitanda kinapenda watu kama wewe." Nimeshangaa kwamba nitamkosa, pamoja na kukoroma kwake.

Phoebe atakuja kunichukua baada ya Pasaka. Daktari atampa maagizo.

Mama yako,
Anyait


Nairobi
2 Aprili 1965

Mama mpendwa,

Nashukuru Mungu mpaka nimekosa namna ya kuanza. Habari ya kidonda? Huku sote salama, na Phanuel anakusalimu.

Sasa, kuhusu kurudi nyumbani, mimi nimepanga kila kitu. Nimemwandikia Phoebe na nimemwandikia Baba Mdogo Olinga kama mkubwa wa boma. Usishike jembe. Usishike mtungi. Usipike, usifue, usifagie. Usiiname, maana ukiinama uzi wa kushonea unaweza kukatika, na Adungosi hakuna wa kuushona tena. Phoebe atakuletea kila kitu kitandani. Baba Mdogo amejibu kwa haraka sana kwamba anaunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Sikujua kwamba anakupenda kiasi hicho.

Maneno ya daktari nimeyasikia, lakini daktari ana wagonjwa wengi na mimi nina mama mmoja.

Mwanao,
Josphat


Adungosi
16 Mei 1965

Josphat mwanangu,

Salamu kutoka kitandani. Nakuandikia barua ndefu kwa kuwa sina kitu kingine nilichoruhusiwa kuinua isipokuwa kalamu. U mzima? Unakula? Kula na kwa niaba yangu.

Nilisafirishwa kutoka Malaba juu ya baiskeli, nimefungwa kwa shuka kama gunia la pamba ili nisianguke, Olinga akikimbia nyuma akipiga kelele, "Pole pole! Huyo ni moyo!" Watu walitoka barabarani wakivua kofia. Wengine walidhani ni maiti.

Tangu siku hiyo sijakanyaga nje. Phoebe ananilisha kwa kijiko. Phoebe ananiosha uso. Jembe langu amelipachika darini nisiweze kulifikia. Nikisema, "Phoebe, mwanangu, daktari alisema nini?" ananijibu, "Alisema utembee, Mama, lakini Josphat amesema ulale, na mimi nimeolewa na Josphat." Utamlaumu? Mimi mwenyewe nilipokuwa nikimfundisha adabu ya kumtii mume, sikujua kwamba adabu hiyo itanifunga mimi.

Wageni wanakuja. Kila mmoja analeta kuku kwa ajili ya mgonjwa. Lakini Olinga amesikia mahali kwamba nyama inauchosha moyo, kwa hiyo kuku wanapikwa, wageni wanawala, na mgonjwa anapewa uji mwepesi. Nikiwa hapa nasikia mifupa ikivunjwa sebuleni. Naijua sauti ya paja.

Halafu wanaingia mmoja mmoja wanasikiliza. Katekista Protus aliweka sikio kifuani mpaka mke wake akakohoa.

Shemeji yangu Olinga ndiye anayenishangaza. Kila asubuhi anasimama mlangoni, anauliza, "Shemeji umelala?" Nikisema nimelala, anasema, "Vizuri sana, lala," anakwenda zake akipiga mluzi kwa ng'ombe wake wa kulimia. Kwa miaka yote tangu baba yako afe hakuwahi kuniuliza kama nimelala.

Mwanangu, nakuomba kitu kimoja. Andika karatasi, tia sahihi, kwamba mama yako anaruhusiwa kutembea mpaka jikoni. Jikoni tu.

Mama yako mfungwa,
Anyait


Nairobi
2 Juni 1965

Mama mpendwa,

Habari za kulala? Natumaini unaendelea kulala vizuri.

Barua yako imenichekesha lakini sitaandika hiyo karatasi. Ukianza jikoni, kesho ni kisimani, kesho kutwa ni shambani, nakujua. Mama, wewe sasa ni yai. Mtu hachezi mpira na yai. Mambo ya shamba usiyafikirie hata kidogo, nimekwisha kuyapanga na Baba Mdogo.

Vumilia mpaka mwisho wa mwaka.

Mwanao,
Josphat


Adungosi
18 Julai 1965

Mwanangu,

Hujambo. Utaona mwandiko umeharibika.

Nilianguka. Si mbali, ni hapo kati ya kitanda na mlango, Phoebe alipokwenda kisimani. Nilitaka tu kuona jua limefika wapi. Sikuvunjika. Lakini sikuweza kuinuka, kwa hiyo nililala sakafuni nikiutazama mguu wa meza. Mguu wa meza ni mnene kuliko wangu.

Moyo wenyewe unapiga vizuri, nausikia. Unapiga ndani ya mtu ambaye hayupo.

Sikuambii haya ili uje. Nakuambia kwa sababu ya kitenge. Nizikwe na kile cha kijani, kile cha bluu apewe Phoebe. Olinga asihutubie. Akihutubia hamtafika kaburini kabla ya mvua.

Mama yako


Nairobi
27 Julai 1965

Mama yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Sijalala wala sijala.

Nimeomba ruhusa nije, wamekataa, ukaguzi wa stoo haujaisha. Nimemwambia bwana mkubwa mama yangu anakufa, akasema hilo nililisema pia mwezi wa Machi. Mama, tafadhali, usiseme habari ya vitenge. Na usishuke tena kitandani. Nimemwagiza Phoebe atandike mkeka chini na aweke mito pande zote. Nimemwagiza asikuache hata dakika.

Sielewi. Tumekulinda kwa kila kitu. Hakuna aliyekugusa. Umevunjikaje?

Nijibu haraka. Hata neno moja.

Mwanao,
Josphat


Adungosi
12 Septemba 1965

Josphat mwanangu,

Najua nimekuweka roho juu. Barua zako tatu zimefika na zote zina machozi, wino umetapakaa. Futa uso wako. Hujambo? Mimi naandika nikiwa nimeketi kwenye kigoda, nje, chini ya ukingo wa paa. Soma tena hapo: nje.

Mto Nzoia umefurika na kuchukua nyumba ya Akumu kule Budalang'i. Hakuna aliyekufa, lakini kuta zimerudi kuwa udongo. Watoto wake wamegawanyika kwa ndugu, naye akasema, "Mimi ninaye dada yangu wa wodini." Akafika hapa juu ya baiskeli kutoka Busia, na mzigo wa samaki waliokaushwa, na mwenye baiskeli akasema hatabeba tena mtu wa Budalang'i maisha yake yote.

Aliingia chumbani kwangu, akasimama.

"Nani huyu amelala mchana?"

Nikamwambia, "Ni mimi, Akumu."

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi kaa."

Phoebe akaja mbio. "Mama, haruhusiwi! Uzi utakatika! Josphat amesema!"

Akumu akafungua nguo yake ubavuni, akamwonyesha kovu. "Binti yangu, mimi pia nimeshonwa, na ni mkono ule ule wa daktari yule yule. Nimetoka Budalang'i maji yakiwa kifuani na sufuria zangu zote kichwani. Uzi wangu uko wapi? Tafuta." Phoebe akainama akatafuta kweli, maskini. Akumu akamwuliza, "Daktari alikuambia nini siku ile?" Phoebe akasema, "Alisema ale na atembee." Halafu akaanza kulia, akasema hata yeye alikuwa anaona ninaisha, lakini aliogopa kukataa neno lako. Tulimbembeleza. Usimwandikie maneno makali, nitajua.

Nilikula samaki siku hiyo, na mchuzi mzito wa karanga, na nyama ya kuku kwa mara ya kwanza tangu Kampala. Protus alikuja kuniombea akakuta mifupa mitupu, akaomba kwa kifupi.

Usidhani niliruka kama mbuzi. Siku za kwanza niliketi ukingoni mwa kitanda tu na nikachoka kama nimelima. Nilimtukana Akumu kwa Kiteso, naye akanijibu kwa Kijaluo, hatukuelewana na ikatusaidia. Halafu nikasimama nikimshika mabega, naye akinishika kiuno, kama watu wanaocheza densi. Mara nyingine nililia. Yeye anasema, "Lia, lakini lia umesimama." Tukafika mlangoni. Baada ya siku nyingi tukafika ukutani mwa jikoni.

Na hapo, Josphat, niliona pamba.

Pamba! Shamba langu lote, kutoka kwenye kichuguu mpaka chini ya dirisha la jikoni. Mahali pa karanga, pamba. Mahali pa muhogo, pamba. Kunde zangu hazipo. Nilidhani akili imepotea tena kama wodini. Nikamwuliza Akumu, "Unaona ninachoona?" Akasema, "Naona, na imepandwa vizuri."

Olinga akatokea katikati ya mistari na mbwa wake. Aliponiona nimesimama, alishtuka kama mtu aliyeona marehemu. "Shemeji! Rudi ukalale! Jua litakudhuru!"

Nikaketi kwenye kigoda kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha. Nikamwuliza, "Olinga, hii pamba ya nani?"

"Ya... ya familia."

"Nani alikupa shamba?"

"Josphat aliandika. Alisema hutalima tena. Nikaona ardhi isikae bure, shemeji. Kila asubuhi nilikuwa nakuja kukuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza kama nimelala!"

"Ndiyo," akasema, "na ulikuwa umelala."

Mwanangu, sijui hasira inakaa sehemu gani ya mwili, lakini daktari angeipima angeshangaa. Nilisimama kutoka kwenye kile kigoda. Sikushika ukuta, sikumshika Akumu, sikushika chochote. Olinga akarudi nyuma, akaikanyaga pamba yake mwenyewe. Phoebe akapiga vigelegele. Nikasema, "Leta jembe langu lililoko darini."

Olinga akalileta. Ni yeye aliyepanda ngazi.

Nililima kidogo sana, Josphat, hata kuku hawezi kujitia vumbi hapo. Halafu nikalala mpaka jioni. Lakini nililala kwa sababu nilichoka, si kwa sababu niliambiwa.

Tumepatana hivi. Pamba itabaki mpaka ivunwe, yenyewe haina kosa. Lakini kutoka dirishani mpaka kwenye mti wa mpera, Olinga ameing'oa kwa mikono yake, na hapo nimepanda kunde. Msimu ujao shamba linarudi kwangu, na nitakaposhindwa nitamwita yeye, si yeye kujiita. Alikubali. Tena nadhani amefurahi, maana amekuwa akiniogopa miaka yote na alikuwa amekosa mtu wa kumwogopa.

Wewe nawe. Najua ulichokifanya ulikifanya kwa mapenzi. Lakini mimi si kioo, baba. Kioo ukikilaza kwenye nyasi unakikuta kama ulivyokiacha. Mimi kila siku niliyolala nilikuwa napungua.

Mimi si yule wa zamani tena, hilo ujue. Natembea na fimbo. Mtungi uliojaa siuwezi na sitauweza. Nafika kisimani kwa kupumzika njiani kwa jirani yetu Mama Rael, na anachelewesha watu huyo mwanamke kwa maneno. Lakini nafika.

Mama yako,
Anyait


Nairobi
25 Septemba 1965

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimesimama. Phanuel aliniona nikilia na kucheka akaniletea maji.

Kosa la pamba ni langu. Nilidhani Baba Mdogo atapanda mstari mmoja au miwili ya mahindi. Nisamehe. Nimemwandikia Phoebe na hakuna neno kali hata moja, ila nimemwambia kuanzia sasa akipokea agizo langu akuulize wewe kwanza. Amejibu kwamba alikuwa amekwisha kuamua hivyo.

Nilikwenda kumwuliza mganga mmoja wa zahanati ya reli hapa, mtu mzima. Nilimweleza jinsi tulivyokutunza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mama yangu alitenda kosa gani.

Sasa naomba uniandikie kila kitu, jinsi unavyotembea, unavyokula, unavyolala, Akumu anasema nini, kunde zimeota vipi. Andika ndefu kama zamani. Jioni zangu huku ni ndefu, na barua zako ndizo zilizokuwa kitoweo changu.

Mwanao,
Josphat


Nairobi
21 Novemba 1965

Mama,

Hujambo huko uliko? Nasema uliko kwa sababu sijui uliko.

Sijapata barua tangu ile ya Septemba. Nimekuandikia ya kunde, nimekuandikia ya sikukuu ya kanisa, nimekuandikia kuuliza kama uliudhika. Mwanzo ulipokuwa umelala uliniandikia mpaka bahasha zikapasuka. Nilimwandikia Phoebe nikimwomba anieleze hali yako kwa ukamilifu. Alijibu sentensi moja, nainakili hapa: "Mama hayupo nyumbani."

Mama, hayupo maana yake nini? Hayupo jikoni au hayupo duniani? Nimeipeleka hiyo sentensi kwa Phanuel na kwa karani mkuu na hakuna aliyeweza kunisaidia. Karani mkuu anasema kama ungekuwa umekufa Phoebe angeandika angalau sentensi mbili.

Nimepata likizo ya Krismasi. Nakuja, ukiwepo usiwepo. Lakini nakuomba, kabla ya hapo, mstari mmoja wa mkono wako.

Mwanao anayengoja,
Josphat


Budalang'i
9 Desemba 1965

Josphat mwanangu,

Hujambo, mimi sijambo, Akumu hajambo. Maji yameshuka na tunamjengea nyumba. Miti imekwisha kusimamishwa na vijana wake, sisi tunakandika. Mimi nakandika chini, nimeketi, kwa kuwa mikono haiendi juu ya mabega. Yeye anakandika juu. Katikati tunagombana.

Mchana napumzika. Usiulize sana.

Ukija Krismasi shuka Busia, usiende Malaba. Njoo kwanza huku, tunataka mtu wa kupanda juu ya paa.

Nisamehe kwa ufupi. Udongo unakauka.

Mama yako